Kisigino Kinauma Asubuhi?

Ndugu mfanyakazi, ukishuka kitandani unasikia mshipa mnene ulio juu ya kisigino unauma na kukaza? Umechoshwa na ngazi, au buti inausugua. Usingoje mpaka uchecheme.

1. Acha kwanza kukimbia na kuruka, lakini tembea polepole.
2. Simama kwa vidole ukingoni mwa kidaraja, shika ukuta, shusha visigino polepole. Mara 15, kisha pumzika. Rudia mpaka mara 3. Fanya asubuhi na jioni, majuma 12. Uvumilivu ndio dawa.

Hatari! Ukisikia mlio ghafula, kama umepigwa teke nyuma, mshipa pengine umekatika. Mama, usimkande: mpelekeni hospitali siku ile ile.