Tazama Ulimi wa Mtoto

Vidole vya mtoto mchanga vikiwa na rangi ya buluu siku mbili za mwanzo, mara nyingi ni baridi tu. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mfunike; vitarudia rangi yake. Lakini ulimi, fizi na ndani ya midomo vikiwa vya buluu au kijivu, damu yake haina oksijeni ya kutosha. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi rangi ya uso haitoshi kukuonyesha. Msogeze penye mwanga, akilia tazama ulimi.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, takriban mmoja ana hitilafu ya moyo. Wengi wao hawabadiliki rangi. Kwa wachache, damu ambayo haijachukua oksijeni mapafuni husukumwa tena mwilini: pengine mishipa miwili mikubwa imebadilishana nafasi, pengine moyo una tundu na njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba.

Hawa ndio wanaotutia hofu zaidi, kwa sababu huweza kuzaliwa wakilia vizuri na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Tangu tumboni kila mtoto ana mshipa mdogo unaounganisha ile mikubwa miwili, na baadhi ya wenye hitilafu hizi huutegemea ili waishi. Baada ya kuzaliwa mshipa huo hujifunga, kwa kawaida ndani ya siku chache. Hapo mtoto aliyekuwa mzima jana hubadilika ghafla.

Akiachia titi kila mara ili aheme, akitoka jasho anaponyonya, au akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika hali ametulia, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Ulimi wa buluu hausubiri kuche. Asifukizwe wala asinyweshwe dawa za miti shamba. Hospitalini ipo dawa ya kuuacha mshipa ule wazi hadi atakapofanyiwa upasuaji. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hupasua mioyo ya watoto.

Kabla hamjatoka wodi ya wazazi, ombeni apimwe oksijeni mkono wa kulia na mguuni. Hakuna sindano. Akishatimiza saa 24, asilimia 95 na zaidi ni kawaida. Chini ya 90 ni dharura. Hata akipita kipimo, endeleeni kumwangalia, maana hakigundui kila hitilafu.

Baba, mama mkwe, mawifi: mara nyingi chanzo cha hitilafu hakijulikani. Mama wa mtoto hakuvunja mwiko wala hakulogwa. Msimwekee kikao. Mtafutieni usafiri.