MANENO YALIYOSAFIRI: Majina ya Nchi na Miji Ndani ya Kiswahili Chetu



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola aliyemfundisha binadamu kusema. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wanafunzi na wazee wetu, somo letu ni la lugha. Tutazungumzia maneno ambayo ndani yake mna jina la mji, kisiwa au nchi. Maneno haya hatuyaendei mbali. Yamo jikoni, yamo sokoni na mengine tumeyavaa. Mtu anaweza kuitaja Uchina, India, Oman na Shelisheli kabla ya adhuhuri, naye hajavuka kizingiti cha nyumba yake.

Swali la kujiuliza ni hili: Je, jina la nchi likiwamo ndani ya jina la kitu, hiyo ni dalili kwamba kitu hicho asili yake ni nchi hiyo? Wengi wetu tutajibu haraka, "Ndiyo." Tusubiri kwanza, tutazame mifano.

1. TUANZE NA NISBA

Katika masomo ya Kiarabu tumejifunza yaa ya nisba, nayo ni ile yaa yenye shadda inayowekwa mwisho wa jina ili kumhusisha mtu au kitu na mahali. Makka hutoa Makkiyy, na Hind hutoa Hindiyy. Ikiwa kinachosifiwa ni cha kike huongezwa taa marbuta, ikawa Makkiyya na Hindiyya.

Maulamaa wetu wengi tunawajua kwa nisba zao. Imam Bukhari jina lake ni Muhammad bin Ismail. Alizaliwa mwaka 194 Hijria (810 Miladia) katika mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Imam Tirmidhi amenasibishwa na mji wa Tirmidh, nao umo katika nchi hiyo hiyo.

Yuko pia Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad wa karne ya 9. Nisba yake ni ya Khwarazm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral. Vitabu vyake vilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, Wazungu waliitamka nisba hiyo kwa namna yao, na humo ndimo lilimotoka neno algorithimu. Kijana anayesoma kompyuta leo anaitaja Khwarazm kila siku bila ya kujua.

Basi kama watu wanavyopewa nisba, na vitu navyo hupewa.

2. NISBA YA MANGA

Katika Kiswahili cha zamani, Manga ni nchi za Arabuni, hasa Oman. Kutokana na neno hilo tumepata majina matatu ya vitu vya jikoni.

Komamanga ni "koma la Manga". Koma ni tunda la mkoma, mti wa jamii ya mitende uliozoeleka huku kwetu. Watu walipoliona tunda jipya walilifananisha na walilolijua, wakaongeza nchi ya aliyelileta. Tunda hili kwa Kiarabu ni rummaan, nalo limetajwa katika Qur'an, Surat al-An'am na Surat ar-Rahman.

Kungumanga ni "kungu ya Manga". Kungu ni tunda la mkungu, mti wa kivuli tunaouona pwani na katika viwanja vya skuli.

Pilipili manga ni pilipili iliyotoka Manga, ili isichanganywe na pilipili kali za mbichi.

Sasa tutazame asili zao. Pilipili manga asili yake ni Malabar, pwani ya kusini-magharibi ya India. Kungumanga asili yake ni visiwa vya Banda, upande wa Maluku, Indonesia. Hakuna hata kimoja katika viwili hivi kilichoota Oman. Lakini vililetwa na majahazi ya Waarabu, yaliyokuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi. Mama wa Kiswahili alinunua kwa Mmanga, kwa hiyo akasema ni vya Manga. Hakusema uongo. Alimtaja yule aliyempa, na kabla ya hapo hakupajua.

3. NISBA YA UCHINA

Waarabu huiita Uchina "Siin", kwa sababu lugha yao haina sauti ya "ch". Kitu cha Uchina chenye jina la kike ni siiniyya. Hapo ndipo tulipopata neno sinia. Vyombo vya Uchina vilisifika katika miji ya Waislamu, na jina likaenea mpaka likawa la kila chombo kipana cha kuandalia chakula. Leo sinia inaweza kuwa ya bati, ya aluminiamu au ya plastiki, na imetengenezwa popote. Watu wanapolizunguka sinia moja siku ya Idi, wanakula katika "kitu cha Kichina".

Mdalasini nao una Uchina ndani yake. Waajemi waliuita dar chini, yaani "mti wa Uchina". Waarabu wakasema dar sini. Sisi tukaigeuza ile "r" kuwa "l", tukaongeza "m" kama tunavyofanya katika majina ya miti, ikawa mdalasini. Uchina una mdalasini wake wenye gome nene, lakini ule wenye gome jembamba unaohesabiwa kuwa bora asili yake ni Sri Lanka. Jina lilikuwa la mmoja, likawachukua wote wawili.

4. MAHINDI: NAFAKA MOJA, NCHI NNE

Huu ndio mfano mkubwa kuliko yote. Neno mahindi limetokana na Hindi, yaani India. Je, mahindi asili yake ni India? Hapana. Mahindi yalianza kulimwa katika nchi inayoitwa leo Mexico, miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Watu wa Afrika, Asia na Ulaya hawakuyajua mpaka baada ya mwaka 1492, vyombo vya Wahispania na Wareno vilipoanza kwenda na kurudi Amerika.

Yalipofika nchi mbalimbali, kila watu waliyapa nisba yao:

- Waswahili walisema ni ya Hindi, kwani kwao bidhaa nyingi za ng'ambo zilipitia bahari ya upande huo.
- Waturuki huyaita mısır, na hilo ndilo jina lao la nchi ya Misri.
- Wamisri wenyewe huyaita dhura shamiyya, yaani mtama wa Sham.
- Wataliana huyaita granturco, yaani nafaka ya Kituruki.

Mtaliana anamwelekeza Mturuki, Mturuki anamwelekeza Mmisri, Mmisri anamwelekeza mtu wa Sham. Kila mmoja anamnyooshea kidole jirani, na hakuna aliyeitaja Mexico. Kama tungelitegemea jina peke yake, tungelizunguka dunia nzima na tusingeliufikia ukweli.

Chungwa nalo halikusalimika. Katika darasa la Kiarabu tunafundishwa kwamba chungwa ni burtuqaal. Neno hilo ni Portugal, nchi ya Wareno, waliolifanyia biashara sana chungwa tamu. Lakini michungwa asili yake ni upande wa kusini wa Uchina na nchi jirani.

5. SHELISHELI, UKWAJU NA KAHAWA

Shelisheli ni futari inayopendwa sana Unguja na Pemba, hasa likipikwa kwa tui la nazi. Jina lake ni la visiwa vya Shelisheli, vilivyo mashariki yetu katika Bahari ya Hindi. Lakini mti wenyewe asili yake ni Guinea Mpya na visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Shelisheli ni kituo cha njiani tu, na kituo hicho ndicho kilichobaki katika jina.

Ukwaju una kisa kilicho kinyume cha hicho. Waarabu waliuita tamr hindi, yaani "tende ya India". Wazungu wakalichukua jina hilo, na wanasayansi wakauita Tamarindus indica, wakaitaja India mara mbili kwa mti mmoja! Hali ya kuwa mkwaju ni mti wa Afrika. Tazameni basi: Waswahili hawakuupa nisba ya nchi yoyote. Wameuita mkwaju, wakatosheka. Kitu ulichokikuta nyumbani kwenu hukipi jina la nchi ya watu.

Kahawa iitwayo arabika imenasibishwa na Arabuni, kwa sababu bandari ya Mukha ya Yemen ndiyo iliyoiuzia dunia. Lakini mbuni wake asili yake ni milima ya Ethiopia.

6. BUNDUKI ILIKUWA NJUGU

Nani angedhani kwamba bunduki ni jina la mmea? Kusini ya Bahari Nyeusi, katika Uturuki ya leo, palikuwa na nchi ikiitwa Pontos. Wagiriki walizisifu njugu zake, wakaziita "njugu za Pontos". Neno hilo lilipita kwa Waajemi, likafika kwa Waarabu likiwa bunduq. Mpaka leo ukitazama pakiti ya chokoleti iliyoandikwa Kiarabu unaweza kulikuta neno hilo, na makusudio yake ni njugu zilizomo ndani.

Baadaye vidonge vya duara vya kurushia ndege viliitwa bunduq, kwa kuwa vilifanana na njugu hizo. Ilipokuja silaha ya baruti inayorusha risasi, nayo ikapewa jina hilo, na sisi tukalipokea: bunduki. Jina la mahali likawa la tunda, la tunda likawa la kidonge, la kidonge likawa la silaha.

7. MANENO YA MADUKANI

Marikani, ile nguo nyeupe ngumu, ilipata jina kwa Wamarekani. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na majahazi ya mji wa Salem yakawa yanaleta nguo hiyo Unguja. Baadaye viwanda vya Bombay navyo vikatengeneza nguo kama hiyo, lakini wanunuzi waliendelea kuiita marikani.

Jezi ya mpira imetokana na Jersey, kisiwa kilicho baina ya Uingereza na Ufaransa, kilichosifika kwa kufuma nguo za sufi. Jinzi imetokana na Genoa, mji wa bandari wa Italia. Dola, ile ya fedha, imetokana na Joachimsthal, mji wa machimbo ya fedha uliomo leo katika Jamhuri ya Cheki, ambako sarafu zake zilianza kupigwa mwanzoni mwa karne ya 16. Dola yenye maana ya serikali ni neno jingine kabisa, nalo ni la Kiarabu.

Hambaga imewatia shaka baadhi ya vijana, kwa kuwa "ham" kwa Kiingereza ni nyama ya nguruwe. Neno hilo halikutoka huko. Limetoka Hamburg, mji wa Ujerumani. Lakini tusikosee upande wa pili pia: jina kuwa safi hakukihalalishi chakula. Uliza nyama ni ya mnyama gani, na amechinjwa vipi. Halali na haramu zimo ndani ya kitu, hazimo katika jina lake.

8. MAZINGATIO

Sasa turudi kwenye swali letu. Jina la nchi lililomo ndani ya neno halituambii daima kitu kilizaliwa wapi. Mara nyingi linatuambia tumekipokea kwa nani.

Wanafunzi wa hadithi watalifahamu jambo hili kwa wepesi. Kila hadithi ina isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi. Mwanachuoni hatosheki na jina la mpokezi wa mwisho aliyekutana naye. Humuuliza: nawe umeipokea kwa nani? Na yule aliipokea kwa nani? Huendelea hivyo mpaka afike mwanzo. Jina la kitu nalo ni kama mpokezi mmoja tu wa mlolongo. Komamanga na kungumanga vinamtaja Mmanga, na mahindi yanamtaja Mhindi. Hao tunawashukuru kwa kutufikishia, lakini nyuma yao wako wengine ambao jina limewasahau: mkulima wa Mexico, mchumaji wa Banda, mpanda mti wa Pasifiki.

Kwa hiyo tuchukue mafunzo matatu. La kwanza, tusitoe hukumu kwa jina peke yake. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuifuata. La pili, tusijifakharishe wala tusimdharau mtu kwa asili yake. Sinia moja la futari limekusanya kazi ya mataifa mengi, na aya ya 13 ya sura hiyo hiyo inatufahamisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane. Mwenzako akiwa na jina la ukoo lenye mji wa mbali, muulize kwa adabu habari zake na umsikilize. La tatu, tuwaulize wazee wetu majina ya miti, nguo na vyombo vya zamani maadamu wapo. Mzee akiondoka na neno, na safari ya neno hilo hupotea.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza maana ya yaa ya nisba, kisha utoe mifano mitatu ya maulamaa.
2. Kungumanga ina jina la nchi gani, na asili yake ni wapi?
3. Kwa nini Waswahili hawakuupa mkwaju nisba ya nchi?
4. Neno bunduki lilipita kwa watu gani mpaka kutufikia?
5. Kaa na bibi au babu yako, mtafute majina mawili ya mimea, vyakula au nguo yenye jina la mahali. Yaandike, uyalete darasani.

Wabillahi tawfiiq.