MIGUU INAYOKAKAMAA NA MIGUU INAYOLEGEA: KINE ANAPIMA NAMNA GANI?



Mtoto akishindwa kutembea, watu wanasema upesi: ni polio. Wengine wanasema: wamemloga. Njo maana leo tujifunze jinsi muganga wa viungo, yule tunamwita kine, anavyomchunguza mgonjwa mbele ya kumfundisha kutembea. Tuchukue konzo, ugonjwa wa inchi yetu, tuulinganishe na polio.

1. Anauliza. Ilianza lini? Mara moja ao pole pole? Konzo inaanza gafula, haipiti juma moja, na kwa kawaida haizidi tena. Polio mara nyingi inaanza na homa. Lakini kama miguu inazidi kulegea kila mwezi na mgongo unauma, pengine ni kifua kikuu cha mgongo. Huyo apelekwe hospitali mbio.

2. Anatazama. Konzo inashika miguu yote mbili sawasawa. Inakakamaa, inapishana kama makasi, na mtu anatembea ku vidole. Jina lenyewe ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Polio mara nyingi inashika mguu mmoja kuliko mwingine. Mguu unakonda na kulegea.

3. Anapiga kinyundo chini ya goti. Mguu wa mtu mzima wa afya unaruka kidogo. Wa konzo unaruka kupita kiasi. Wa polio hauruki, ao kidogo sana. Sababu gani? Amri ya kutembea inatoka ku ubongo, inashuka ndani ya mgongo kwa mishipa ya kwanza ya fahamu. Pale mishipa ya pili inaipokea na kuifikisha ku msuli. Mishipa ya kwanza inazuia pia msuli usiruke ovyo. Konzo inaharibu ile ya kwanza, msuli unabaki kama mbwa asiye na kamba. Polio inaua ile ya pili, msuli haupati amri hata kidogo.

4. Anapima nguvu, toka 0 mpaka 5. 0: msuli hautikisiki. 3: mguu unainuka peke yake. 5: unashindana na mkono wa kine bila kushindwa.

Kisha anaandika daraja. Tangu 1996 Shirika la Afya Duniani linahesabu konzo hivi: nyepesi, anatembea bila fimbo, ya katikati, anatumia fimbo moja ao mbili, kali, hawezi kutembea bila kushikwa. Mwezi ukipita anapima tena, na ile karatasi inaonyesha kama kazi inasaidia.

Konzo haiponi. Lakini kunyoosha miguu kila siku na kupata fimbo zinazofaa kunamsaidia mtu asimame.

Kwa nini kupima ni lazima? Munganga Trolli aliandika juu ya konzo ya Kwango katika 1938. Leo tunajua inatoka kwa muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, kwa watu wanaokula paka muhogo, bila nyama, samaki ao maharagi ya kutosha. Basi kama kine anaona konzo, mama anaambiwa aloweke muhogo siku tatu ao zaidi, na wadogo wa yule mtoto wanaokoka. Kama wote wanasema ni uchawi, chungu kinabaki kile kile, na mtoto wa pili anaanguka. Yule wa kwanza naye anatambaa nyumani miaka yote, kumbe fimbo mbili zingemfikisha masomoni.

Tena wale wanaoiga mwendo wa vilema pa uwanja, waache. Si mchezo.

MAULIZO
1. Goti linaruka sana: mishipa gani imeharibika?
2. Konzo na polio zinaanza namna gani?
3. Ku kwenu wanaloweka muhogo siku ngapi? Uliza mama yako wakati wa likizo.

Kapita wa shule, mwaka wa sita