Dondoo muhimu: Kaya na tahadhari ya maafa Kariakoo

Moto uliounguza Soko Kuu la Kariakoo Julai 10, 2021, na jengo la ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, vinaonyesha kuwa utayari, yaani maandalizi yanayofanywa kabla ya janga kutokea, huanzia nyumbani na dukani.

• Nyufa mpya ukutani na milango inayoanza kukwama huweza kuashiria jengo lililoelemewa, hasa panapochimbwa chini yake. Waliomo watoke kwanza, kisha waiarifu serikali ya mtaa.

• Ngazi na korido zisigeuzwe stoo ya marobota, kwa kuwa moshi ukitanda ndiyo njia pekee ya kutokea.

• Gesi ya kupikia ikivuja, mtungi ufungwe, madirisha yafunguliwe na swichi zisiguswe, kwani gesi hiyo, iliyo nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni ikisubiri cheche.

• Kwa kaya zilizo karibu na Jangwani, ambako Mto Msimbazi hufurika masika, vyeti na dawa vifungwe kwenye nailoni na kuwekwa juu.

• Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ikaririwe hata na watoto, na anayepiga ataje mtaa na jengo linalofahamika.