Jumanne: Kuitegemeza Mikono Iliyochoka

Soma Kutoka 17:8–13. Haruni na Huri walifanya nini walipoona mikono ya Musa imekuwa mizito?

Hawakumkemea Musa kwa kuchoka. Walimtafutia jiwe akalie, kisha wakaitegemeza mikono yake, kila mmoja upande wake, mpaka jua lilipozama.

Huo ndio utumishi wa mume au mke ambaye mwenzi wake amefanyiwa upasuaji wa moyo. Mfupa wa kifua uliopasuliwa kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Kukohoa huuma, lakini ni lazima ili makohozi yasijikusanye mapafuni. Basi mwenzi humpa mto aukumbatie kifuani. Humhimiza avute pumzi ndefu, na hutembea naye polepole wodini kama wauguzi walivyoelekeza.

Wagonjwa wengi pia hupatwa na huzuni, au hulia bila sababu wanayoijua. Hiyo si dalili ya upungufu wa imani. Mwenzi mwenye hekima hasemi, "Jikaze." Huketi, humshika mkono, huomba naye kwa sauti ya chini, na huzuni isipoondoka, humweleza daktari.

Lakini Haruni hakuwa peke yake. Anayeuguza naye huchoka (Wagalatia 6:2). Kanisa likimwombea tu, bila kumpokea zamu hata usiku mmoja apate kulala, limeacha mkono mmoja ukining'inia.

Je, ni nani katika darasa lenu anayeuguza mwenzi wake sasa? Mtampokea zamu lini?