Mwalimu wa Watoto Wadogo ni Jicho la Afya Kijijini



Katika masomo yetu ya afya tumezoea kumtaja mganga wa zahanati, mkunga na bwana afya. Leo tutamtaja mtu mwingine ambaye wengi wetu hatumhesabu katika kazi hiyo. Mtu huyo ni mwalimu wa watoto wadogo, yule anayekaa na watoto wetu wa miaka mitatu, minne na mitano katika kituo cha kulelea watoto mchana au katika darasa la awali.

Wapo wanaosema kwamba kazi yake ni kuwachunga tu watoto wakati wazazi wako shambani. Wapo wanaosema kwamba kazi hiyo yeyote aweza kuifanya. Somo la leo litaonyesha kwamba mawazo hayo si sahihi. Kijiji chenye mawazo hayo huwapotezea watoto wake kitu ambacho ni vigumu kukirudisha baadaye.

MFANO WA MASANJA

Tuchukue mfano wa mtoto mmoja. Tumwite Masanja. Ana miaka mitano na anaishi na bibi yake. Akiitwa hageuki. Akitumwa kata huleta sufuria, au husimama tu akitazama. Maneno yake ni machache kuliko ya watoto wa rika lake. Nyumbani anaitwa mkaidi, na mara kwa mara anachapwa.

Masanja anaanza darasa la awali. Mwalimu wake ana desturi moja. Kila asubuhi husimama mlangoni akawapokea watoto mmoja mmoja, akiwasalimu kwa majina yao na kuwatazama usoni. Baada ya siku chache anaona jambo. Masanja akisemeshwa ana kwa ana, hufanya alichoambiwa. Akiitwa kwa nyuma, hana habari. Tena masikio yake yana harufu, na inzi hawambanduki. Mwalimu anapotazama kwa karibu anaona usaha.

Jioni ile ile mwalimu anakwenda nyumbani kwao.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Amekusumbua huyo? Mchape tu. Ana kichwa kigumu."

"Hapana bibi, hajanisumbua. Nimekuja kuuliza, masikio haya yalianza kutoa usaha lini?"

"Aa, hayo tangu mvua za mwaka jana. Yanakauka, yanarudi. Mimi humtilia mafuta ya uvuguvugu. Ni ugonjwa wa utoto, utakwisha wenyewe."

"Bibi, nadhani Masanja si mkaidi. Nadhani hasikii vizuri."

Bibi ananyamaza. Kisha anasema polepole, "Basi nimekuwa nikimpiga bure."

Kesho yake wanakwenda zahanati.

SIKIO LINALOTOA USAHA

Ndani ya sikio kuna ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Sauti ikiigonga, mtoto anasikia. Ugonjwa ukiingia nyuma ya ngozi hiyo, mara nyingi baada ya mafua, usaha hujaa na ngozi hupasuka. Mtoto akitibiwa mapema, ngozi huweza kufunga tena. Akiachwa, tundu hubaki na usaha hutoka kwa miezi au miaka. Sauti humfikia hafifu, kama ya mtu anayesema nyuma ya ukuta. Mtoto asiyesikia maneno vizuri hawezi kujifunza kuyasema vizuri. Ndiyo sababu Masanja alionekana mzito wa akili, kumbe akili yake haikuwa na kasoro.

Sikio la namna hiyo lisitiwe mafuta, wala maziwa ya mama, wala dawa za majani, wala kijiti. Mpeleke mtoto zahanati. Mganga ataonyesha namna ya kukausha usaha kwa kitambaa laini na safi kilichosokotwa, na atatoa dawa inayofaa. Maji yasiingie sikioni wakati wa kuoga, na mtoto asiogelee ziwani wala mtoni mpaka apone. Maumivu makali ya sikio, homa, au uvimbe nyuma ya sikio ni dalili za hatari. Usingoje kesho.

KWA NINI UMRI HUU NI WA MAANA

Ubongo wa mtoto hukua upesi sana katika miaka ya kwanza. Afikapo miaka mitano, ukubwa wake umekwisha karibia ule wa ubongo wa mtu mzima. Lakini ukubwa peke yake hautoshi. Ubongo hujengwa kwa chakula bora, kwa usingizi, kwa kukingwa na magonjwa, na kwa mazungumzo. Mtoto anapouliza na kujibiwa, anapoonyesha kitu na mtu mzima akakitaja jina, anapocheza na wenzake na kungoja zamu yake, ubongo wake unafanya kazi na kupata nguvu.

Kinyume chake, mtoto anayeishi kwa hofu hujifunza kwa shida. Fikira zake zote ziko kwenye fimbo, haziko kwenye somo. Kwa hiyo mwalimu mzuri wa watoto wadogo hatambulikani kwa ukali wake. Anatambulikana kwa kuwajua watoto wake. Anajua ni nani amekuja na njaa, ni nani amelia usiku, ni nani aliyekuwa mchangamfu juzi na leo amejikunyata pembeni.

Zana zake si za ghali. Magunzi na vizibo vya soda hufundisha kuhesabu. Udongo wa mfinyanzi huimarisha vidole vitakavyoshika kalamu. Hadithi na nyimbo za kijijini hukuza lugha. Kibuyu chirizi na sabuni karibu na choo hufundisha kunawa mikono, na desturi hiyo mtoto huipeleka nyumbani kwao. Uji wa saa nne uliotiwa unga wa karanga au maziwa humpa nguvu ya kucheza na kusikiliza.

YALIYOONEKANA KATIKA UCHUNGUZI

Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Kuanzia mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, walichaguliwa watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi. Watoto 58 waliingizwa katika darasa la watoto wadogo, na 65 hawakuingizwa. Walimu wa darasa hilo walikuwa wamesomea kazi yao. Kila mmoja alikuwa na watoto wachache, na kila wiki alikwenda nyumbani kwa mtoto kuzungumza na mama yake na kucheza na mtoto.

Watafiti waliwafuatilia watoto hao mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40. Waliokuwa katika darasa lile walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata mapato makubwa zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wale wengine. Kijiji chetu si Ypsilanti. Hata hivyo mambo mawili tunaweza kuyachukua bila gharama kubwa: mwalimu amjue kila mtoto, na mwalimu afike nyumbani.

NCHI YETU IMEFANYA NINI

Hapa Tanzania mwaka 1981 ilitungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Mwaka 2009 mambo hayo yaliingizwa katika Sheria ya Mtoto. Sera ya Elimu ya mwaka 1995 ililifanya darasa la awali kuwa sehemu ya mpango wa elimu, na tangu mwaka 2016 darasa hilo katika shule za Serikali halitozwi ada. Desemba 2021 ulizinduliwa mpango wa Taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya mtoto tangu mimba mpaka miaka minane. Mpango huo unaunganisha afya, lishe, ulinzi na kujifunza.

Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa darasa la awali. Lakini katika vijiji vingi mwalimu mmoja ana watoto wengi zaidi ya hapo. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kuona kila sikio. Hapo ndipo wazazi na serikali ya kijiji wanapotakiwa kusaidia.

TUFANYE NINI

Mwalimu: Wapokee watoto mmoja mmoja kila asubuhi. Angalia macho, masikio, ngozi na uchangamfu. Mtoto anayesogeza kitabu karibu na uso huenda haoni vizuri. Mtoto asiyegeuka akiitwa kwa nyuma huenda hasikii. Ukiona alama za kipigo, usinyamaze. Mwone ofisa ustawi wa jamii. Usimwite mtoto mjinga kabla hujajua kama anaona, anasikia na ameshiba.

Mzazi: Mpeleke mtoto darasani kila siku, si siku asizohitajika nyumbani tu. Mweleze mwalimu mtoto akiugua au nyumbani kukiwa na msiba. Hakikisha mtoto wa chini ya miaka mitano anapata matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kila baada ya miezi sita. Zungumza naye mnapotwanga, mnapochota maji na mnapokula.

Serikali ya kijiji: Pangeni zamu ya akina mama na akina baba kumsaidia mwalimu. Changeni nafaka na kuni kwa ajili ya uji. Chimbeni choo chenye tundu dogo ambalo mtoto haliogopi. Kama mlezi wa kituo analipwa na kijiji, alipwe kwa wakati. Mlezi akiondoka kwa kukosa posho, anaondoka na yote aliyoyajua juu ya watoto wenu.

Turudi kwa Masanja. Baada ya wiki kadhaa za kukaushwa na kutiwa dawa, masikio yake yalikauka. Hasikii sawasawa kama wenzake, na mganga amemwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Sasa anakaa mbele, na mwalimu humgusa bega kabla ya kumsemesha. Bibi naye hamwiti tena kutoka jikoni. Humfuata, akainama, akamwambia usoni. Siku hizi akitumwa kata, huleta kata.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na katika malezi hayo, mwalimu wa watoto wadogo ni mwenzetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kijiji chetu kuna mtoto anayeitwa mkaidi au mjinga? Nani amepima macho na masikio yake?
2. Mwalimu wetu ana watoto wangapi? Tunaweza kumpunguzia mzigo kwa njia gani?
3. Mara ya mwisho ulizungumza lini na mwalimu wa mtoto wako, na mlizungumza nini?
4. Tutaanza na jambo gani mwezi huu, na nani atalisimamia?