Mbaazi ni nzuri, lakini insulini haiachwi

Msomaji, ukipita Ndia Kuu asubuhi utapokewa na harufu ya mahamri na mbaazi za nazi. Je, mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza naye ale?

Ale, kwa kipimo. Hamri ni unga mweupe na sukari. Hupandisha sukari ya damu upesi. Mbaazi zina nyuzinyuzi zisizosagika tumboni. Baadhi hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, na nyingine huwa chakula cha bakteria wenye manufaa katika utumbo mpana. Lakini mbaazi pia zina wanga, kwa hivyo zihesabiwe.

Usidanganyike kuwa chakula kitachukua nafasi ya dawa. Kongosho la mtoto huyu halitoi insulini ya kutosha. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini mjini Toronto, Kanada, mwaka wa 1922, watoto kama yeye walikufa. Usimkatizie sindano, wala usipunguze kipimo bila kumwona daktari.

Akianza kutetemeka na kutokwa na jasho, huenda sukari imeshuka. Hapo, maadamu ana fahamu, mpe soda yenye sukari mara moja. Mbaazi zingoje.